Dawa ya ubongo ituambie kwanza inapitia mlango gani

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilichapa habari yenye kichwa kilichosema kwamba ubongo uliokufa sasa unaweza kufufuliwa, na chini yake zikafuata aya nne zilizoeleza kuwa wanasayansi wa ng'ambo wamefaulu kupandikiza seli mpya vichwani mwa wagonjwa. Siikatai habari yenyewe, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ukweli. Ninacholalamikia ni kile ilichokiacha, maana siku tatu baadaye gazeti hilo hilo, likiwa limekunjwa mahali pa habari hiyo na kupigiwa mistari kwa kalamu nyekundu, nililikuta mezani kwa dada yangu hapa Tororo, na juu yake yamewekwa maboksi mawili ya vipakiti vya unga.

Mume wa dada yangu aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka jana alipatwa na kiharusi kilichomlegeza mkono na mguu wa kulia na kumfunga ulimi. Muuzaji wa unga ule, kijana mwenye shati safi aliyekodi chumba juu ya duka la vitambaa, alikuwa amemwonyesha dada kwenye simu yake picha za mbegu zinazochipua ndani ya ubongo, akamweleza kwamba kila kipakiti kina seli shina za tufaha, yaani seli changa zinazoweza kukua na kuwa seli za aina nyingine, ambazo zikifika kichwani hujenga upya sehemu iliyokufa, na gazeti lako likawa shahidi wake. Maboksi hayo mawili yaligharimu shilingi laki sita, na dada aliuza mbuzi watatu ili azipate. Ingekuwa hasara ya fedha peke yake ningenyamaza, lakini aliambiwa pia amwachishe mgonjwa vidonge vya shinikizo la damu, eti visije vikagombana na seli. Nilipompima shemeji jioni ile kwa kipimo changu cha zamani, nilipata 198 kwa 112.

Mimi ni tabibu mstaafu, nimefanya kazi katika vituo vya afya vya mashariki mwa Uganda kwa miaka 34. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu shemeji hasomi lugha nyingine kwa raha, na kwa sababu wengi wa wanaouziwa unga wa aina ile ni watu wa barabara kuu na wa mpakani kama yeye, ambao gazeti lako ndilo wanaloshika mkononi. Naomba nafasi ya kueleza jambo moja ambalo habari yenu ililiruka, nalo ni kwamba katika tiba ya ubongo kuipata dawa ni nusu ya safari, na mara nyingi ndiyo nusu iliyo nyepesi. Kinachowakosesha watafiti usingizi tangu zamani ni namna ya kuifikisha.

Mwaka 1885 mtafiti Mjerumani Paul Ehrlich alipokuwa akiwadunga wanyama rangi katika damu, aliona viungo vya mwili vikishika rangi, lakini ubongo ukabaki mweupe. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann alifanya kinyume chake mwaka 1913: akatia rangi ya buluu katika maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ndio uliogeuka buluu huku mwili uliobaki ukiwa haukuguswa. Ikadhihirika kwamba kati ya damu na ubongo pana ukuta. Baadaye, katika miaka ya 1960, hadubini za elektroni zilionyesha ukuta huo umejengwaje: seli zinazotengeneza mishipa midogo kabisa ya damu ya ubongo zimeshonwa moja kwa nyingine bila kuacha upenyo, tofauti na mishipa ya viungo vingine ambayo huacha mianya. Ukuta huo ni neema, kwa kuwa huzuia sumu na vijidudu vingi vinavyosafiri katika damu. Lakini haubagui kati ya sumu na dawa. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi yanasema kwamba takriban asilimia 98 ya dawa zenye molekuli ndogo hazivuki, na zenye molekuli kubwa karibu zote hurudishwa.

Nilipomweleza shemeji habari hii, nikiwa nimechora duara kwenye daftari la mjukuu wake, aligusa mstari wa duara kwa kidole cha mkono wa kushoto akasema neno moja ambalo, kwa hali ya ulimi wake, lilimchukua muda kulitoa: "Malaba." Ndicho kituo cha mpakani kati ya Kenya na Uganda, na sijapata kusikia mhadhara ulioeleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Mtu aliyelala siku tatu chini ya lori akisubiri karatasi zake zigongwe muhuri anajua kwamba shehena kuwa nzuri ni jambo moja, na shehena kuvuka ni jambo jingine.

Habari yenu iliandikwa kana kwamba haya ni mambo ya maabara za mbali ambayo sisi huyapokea tu. Ukweli ni kwamba Uganda imelijua tatizo la dawa isiyovuka kwa zaidi ya karne moja, tena kwa uchungu. Tangu mwaka 1900 hadi 1920 hivi, malale iliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 250,000 katika maeneo yaliyozunguka Ziwa Viktoria, Busoga ikiumia kupita kiasi, na serikali ya wakati ule ikawahamisha watu wa visiwa na wa kandokando ya ziwa. Ilikuwa Entebbe ambako Aldo Castellani alivikuta vimelea vya ugonjwa huo ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Maana yake ni kwamba vimelea vinavyoletwa na mbung'o vilikuwa vimevuka ukuta, na vikishavuka, mgonjwa huanza kulala mchana, kukesha usiku, kuropoka na hatimaye kufa. Dawa zilizopatikana baadaye, kama suramini na pentamidini, ziliweza kuvifuata vimelea katika damu lakini zikaishia mlangoni. (Ile rangi ya buluu ya Goldmann, nitaje kwa kupita tu, jina lake limetokana na vimelea hivi hivi, kwa sababu iligundulika kuwa ina uwezo wa kuviua. Ukuta wa ubongo na ugonjwa wa mbung'o vimeandamana tangu siku za kwanza.)

Dawa iliyoweza kuvuka ilikuwa melasoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949, na ndani yake mlikuwa na aseniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, malale ilipolipuka upya Busoga, mimi nilikuwa mwanafunzi katika wodi moja ya huku mashariki. Dawa hiyo ilivutwa kwa bomba la sindano la kioo, kwa kuwa kimiminika ilichoyeyushwa ndani yake hakikupatana na plastiki, na aliyedunga alipaswa kuwa na mkono mtulivu, maana tone likitoka nje ya mshipa, nyama inayouzunguka huungua. Namkumbuka mvuvi mmoja mzee aliyeuma kona ya shuka kila alipodungwa. Siku ya nne alikuwa ameketi nje akicheza bao na mwanawe, sisi tukafurahi. Siku ya nane alianza kutupa mikono na miguu kwa kifafa ambacho hakikutulia, na usiku ule ule akafariki. Malale haikumwua. Ilimwua dawa, ambayo kwa ujumla ilikuwa ikiua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliopewa, na sisi tuliendelea kuitoa kwa sababu asiyepewa hufa kwa hakika. Kwa aina ya malale inayopatikana huku kwetu, hali ilibaki hivyo kwa miongo mingi iliyofuata.

Sasa tazama kilichotokea. Kuna vidonge viitwavyo feksinidazoli ambavyo humezwa pamoja na chakula kwa siku kumi, navyo huvuka ukuta bila aseniki na bila kioo. Mwaka 2018 viliidhinishwa kwa malale ya aina ya Afrika Magharibi na Kati, na Desemba 2023 vikapata kibali cha wataalamu wa Ulaya kwa aina kali ya Afrika Mashariki, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na wa hapa kwetu, katika hospitali ya Lwala, Teso. Uganda ni nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ile aina ya kwanza si tatizo la afya ya umma tena nchini. Kama gazeti lako linatafuta habari ya dawa iliyoingia ubongoni ikaokoa watu, ipo Teso, na nauli yake kutoka Kampala si kubwa.

Nimetangulia kusema haya ili msomaji ajue kwamba simdharau mtafiti wa ng'ambo. Kazi inayofanyika sasa inastaajabisha, na naomba niieleze kwa mpangilio wa kuvuka, kwa kuwa ndio unaoipambanua na unga wa yule kijana.

Njia ya kwanza ni kuipa dawa karatasi za shehena nyingine. Mgonjwa wa Parkinson, yule anayetetemeka na kukakamaa, hupungukiwa na dopamini, kemikali ambayo seli za sehemu ndogo ya ndani ya ubongo huitumia kuongoza mwendo. Ukimpa dopamini yenyewe haivuki. Levodopa, ambayo ni malighafi yake, hufanana na asidi amino za chakula, na kwa kuwa ukuta una mlango maalumu wa asidi hizo, levodopa hupitia humo na ikishafika ndani hugeuzwa kuwa dopamini. George Cotzias alionyesha mwaka 1967 nchini Marekani kwamba dozi kubwa zilizopandishwa polepole huwarudishia wagonjwa mwendo, na mpaka leo wengi wao hushauriwa wasiimeze dawa hiyo pamoja na sahani kubwa ya nyama au maharage, kwa sababu protini ya chakula huishindania mlango ule ule. Watafiti wa siku hizi wamekwenda mbali zaidi. Ubongo unahitaji madini ya chuma, na chuma hubebwa na protini ambayo ukuta una vipokezi vya kuipokea. Basi wametengeneza kingamwili zinazoshika vipokezi hivyo, wakazibebesha dawa. Mwezi Machi 2021 Japani iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo, pabinafusp alfa, kwa ajili ya ugonjwa wa Hunter, maradhi ya kurithi ambamo mtoto hukosa kimeng'enya fulani na taka zikarundikana mwilini mpaka ubongoni.

Njia ya pili ni kuinua kizuizi kwa muda mfupi. Mgonjwa huvalishwa kofia yenye vitoa mawimbi vya sauti 1,024, akaingizwa katika mashine ya picha za sumaku, na wakati huo huo hudungwa viputo vidogo mno katika damu. Mawimbi yakielekezwa mahali pamoja, viputo vilivyopo hapo hutetemeka na kuzilegeza zile seli zilizoshonwa, dawa ikapita, na baada ya siku moja au mbili ukuta hujifunga wenyewe. Kullervo Hynynen na wenzake walilionyesha jambo hili kwa sungura mwaka 2001, na mwaka 2015 huko Toronto likafanywa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo. Mwanzoni mwa 2024 Ali Rezai na wenzake wa West Virginia walichapisha taarifa ya wagonjwa watatu wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, waliopewa dawa pamoja na mawimbi hayo, na takataka za protini zikapungua zaidi upande ambao ukuta ulikuwa umefunguliwa. Watatu, Mhariri. Tena kupungua kwa takataka si sawa na mtu kukumbuka majina ya watoto wake. Habari ya namna hii yafaa kuchapwa, lakini hiyo idadi ya watatu ikae kwenye sentensi ya kwanza.

Njia ya tatu ni kuukwepa ukuta kabisa kwa kutoboa fuvu, na hapo ndipo ilipo habari yenu ya seli. Kwa muda mrefu wa karne iliyopita madaktari walifundishwa kwamba ubongo wa mtu mzima hauzai upya, kilichokufa kimekufa. Fundisho hilo limelegezwa, halijafutwa. Mwezi Aprili 2025 zilitoka taarifa mbili kwa pamoja kuhusu wagonjwa wa Parkinson waliopandikizwa seli zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina za binadamu: saba katika Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Jun Takahashi, na 12 Marekani na Kanada. Lengo kuu lilikuwa kuona kama ni salama, na hakuna aliyepata uvimbe kutokana na seli hizo. Kati ya sita wa Kyoto waliopimwa maendeleo, wanne walionyesha nafuu ya mwendo hata pale dawa zao za kawaida zilipokuwa zimeisha nguvu. Ni habari njema kwa kipimo chochote. Lakini Parkinson huua aina moja ya seli katika sehemu ndogo inayojulikana, kwa hiyo fundi anajua ni tofali gani limekosekana na aliweke wapi. Kiharusi hufuta mtaa mzima, pamoja na barabara zake, mabomba yake na waya zake. Kichwa cha habari yenu kiliyaweka mambo haya mawili katika kapu moja, na dada yangu, ambaye ana kiharusi nyumbani kwake na wala hana Parkinson, akasoma kile alichotaka kukisoma.

Sasa rudi kwenye kipakiti. Seli ya tufaha ikimezwa huvunjwa tumboni kama tufaha lenyewe. Hata kama ingenusurika na kuingia katika damu, ingefika kwenye ukuta ambao hurudisha vitu vidogo kuliko yenyewe mara maelfu. Na hata kama ingevuka, haina inachokijua kuhusu kuwa neva. Nilimpigia simu yule kijana nikamwuliza swali moja tu, kwa adabu, kwamba hiyo seli inapitia wapi. Akanijibu, "Mzee, inapita kwenye damu." Hilo ndilo jibu la mtu ambaye hajawahi kusikia habari ya ukuta.

Liko jambo jingine ambalo linanisukuma kuandika, nalo ni nani hasa anayehitaji tiba ya ubongo katika nchi hii. Ukisoma magazeti utadhani ni wazee wa Ulaya wanaosahau majina. Hapa kwetu ni kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia ngumu. Ni mtoto aliyechelewa kulia baada ya kuzaliwa. Ni mtoto wa shule aliyepona malaria ya ubongo: utafiti uliofanyika katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa kufikiri au kukumbuka, wakati mzazi na mwalimu wanamwita mvivu.

Na kazi ya kuwasaidia watu hawa imefanywa pia na mikono iliyoko hapa. Umbali wa saa moja hivi kutoka ninapoandika, mjini Mbale, iko hospitali ya watoto ya CURE. Benjamin Warf, daktari mpasuaji Mmarekani aliyefika huko mwaka 2000, alikuta foleni ya watoto wenye vichwa vikubwa, yaani ambao maji ya ubongo hayana pa kutokea. Tiba iliyozoeleka duniani ilikuwa kuwawekea mpira wa kuyapeleka maji tumboni. Mpira huo ukiziba, na huziba, mtoto wa Ulaya hufikishwa hospitalini usiku ule ule, lakini mtoto wa kijiji cha Karamoja hufa. Warf aliunganisha mambo mawili: kupenyeza kamera nyembamba kupitia utosi na kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550 wa Afrika. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika hapo hapo Mbale kwa watoto wachanga 100 lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofanyiwa hivyo hawakuwa nyuma kiakili ya waliowekewa mpira. Mbinu hiyo sasa inatumika hata Marekani. Isitoshe, zaidi ya nusu ya watoto wa Mbale walikuwa wamepata tatizo hilo baada ya maambukizi ya uchangani, na mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Steven Schiff walitoa taarifa kwamba katika maji ya ubongo ya wengi wao walikuta bakteria aina ya Paenibacillus ambayo vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa havioni. Maarifa haya yalipatikana kwa sababu waliochunguzwa ni watoto wa Uganda. Kwa kuwachunguza watoto wa London peke yao yasingepatikana.

Kwa mtu anayedhani kwamba tiba ikishafaulu Ulaya inatosha kuileta kwenye meli, naomba nitaje habari ya kuwapoza watoto wachanga. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, katika hospitali za Ulaya, hushushwa joto la mwili kwa siku tatu ili ubongo usiendelee kuharibika, na tiba hiyo huokoa maisha huko. Ilipojaribiwa Mulago kwa watoto 36, wakipozwa kwa chupa za maji, taarifa iliyotoka mwaka 2008 ilionyesha kwamba kati ya 21 waliopozwa walifariki saba, na kati ya 15 wasiopozwa alifariki mmoja. Lilikuwa jaribio dogo lisiloweza kukata shauri. Lakini mwaka 2021 jaribio kubwa la watoto 408 nchini India, Sri Lanka na Bangladesh lilitoa jibu la upande ule ule: waliopozwa walifariki asilimia 42, na wasiopozwa asilimia 31. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliodai kwa sauti kubwa, kwenye mikutano ya wilaya, kwamba tuanze kupoza mara moja bila kusubiri majaribio. Nilikosea.

Upande wa pili yako majaribio yaliyotuletea nafuu. Homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu, ambayo huwaua watu wengi wanaoishi na VVU, ilikuwa ikitibiwa kwa dripu za kila siku za dawa iumizayo figo. Jaribio lililofanyika Kampala, Mbarara na katika nchi nyingine nne za Afrika kusini mwa Sahara, likachapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya dawa hiyo, ikiwa imefungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta na kufuatiwa na vidonge vinavyovuka ukuta vizuri, inafanya kazi sawasawa na madhara yake ni machache. Mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani likaupitisha utaratibu huo kuwa mwongozo.

Kwa hiyo, Mhariri, sikuombi uache kuandika habari za ubongo. Ninaomba kila mwandishi wako anayeandika habari ya namna hiyo amuulize mtafiti dawa yake inavuka kwa njia ipi, imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi wa ugonjwa gani, na kama kuna mpango wa kuijaribu katika hospitali isiyo na umeme wa uhakika, kisha majibu hayo ayachape hata kama yatapunguza utamu wa kichwa cha habari. Ninaomba pia mchape, kwa herufi zinazoonekana, kwamba hakuna tiba ya kuujenga upya ubongo iliyoidhinishwa popote inayouzwa kwa kipakiti cha unga, na kwamba katika jaribio halali la tiba mgonjwa huwa hauziwi dawa inayojaribiwa, bali huelezwa, huulizwa ridhaa yake na kuandikwa. Anayekutoza laki sita akakuambia kwamba ni utafiti, huyo ni muuza duka.

Shemeji amerudi kwenye vidonge vyake, na shinikizo lake juzi lilikuwa 146 kwa 88. Kila asubuhi dada humwekea bakuli mbili na kumtaka ahamishe punje za mahindi kutoka moja kwenda nyingine kwa mkono wa kulia, na huku akihamisha hutaja miji ya barabara yake kwa mpangilio, Mombasa, Mariakani, Voi, kwa sababu mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia kwamba sehemu nzima za ubongo hujifunza kazi za jirani zilizokufa iwapo zitasumbuliwa kila siku. Mwezi uliopita alikuwa anakwama Mtito Andei. Wiki hii amefika Nakuru.

Boksi la pili halijafunguliwa. Halina namba ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, na tarehe ya mwisho wa matumizi imebandikwa juu ya tarehe nyingine. Nimelihifadhi kabatini, na mwandishi wako akitaka kuliona, anakaribishwa siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako,
Tabibu mstaafu,
Tororo